Fimbo Hazilali Ndani

Nyangeta mwanangu,

Najua utacheka ukiiona bahasha hii, maana anayeandikiwa barua ni mtu aliye mbali, na wewe hata Kiriba hujatoka. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na kwa ninavyomfahamu shangazi yako, hatakuachia kabla hujala ugali mara mbili. Nimeona niitumie nafasi hiyo. Ningeweza kukusubiri nikakuambia kwa mdomo, lakini nyumba yetu haina dari. Neno likisemwa jikoni linapita juu ya ukuta hadi kitandani kwa baba yako, na tangu apooze upande wa kulia masikio yake yamekuwa makali kuliko zamani. Haya ya leo sitaki ayasikie.

Nimekaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Nimechoka, Nyangeta. Nakuambia mapema kwa sababu utaona mwandiko umelegea mahali pengine ukadhani nimelia. Sijalia, ni mkono tu. Asubuhi nilikuwa nang'oa mihogo.

Sitaandika habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kuvaa sweta. Una akili za kutosha, na nisipoziamini leo sijui nitaziamini lini. Nataka tuzungumze juu ya lile neno ulilonitupia jana wakati tunachambua dagaa. Ulisema, "Mama, baba asiponiambia kitu, mimi namrudishia tajiri funguo za gari lake. Siwezi kuondoka kama mwizi." Mimi nikaendelea kuchambua dagaa. Uliona nimenyamaza ukafikiri sijali, ukanyanyuka na ungo wako ukaenda kuanika peke yako.

Nilinyamaza kwa sababu moyo wangu uliruka kwa furaha, na niliuonea aibu. Nilitaka kukuambia rudisha. Rudisha hizo funguo, ubaki hapa, tusaidiane kumgeuza baba yako kitandani, maana ni mzito na mgongo wangu umekwisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kama dagaa wasingekuwa na mchanga mwingi hivyo, wakanipa kazi ya macho na mikono, ningelisema, na wewe ungebaki, maana wewe ni mtoto wa kubaki. Baada ya miaka michache ungekuwa unanichukia taratibu huku unanipikia uji. Kwa hiyo acha nikuambie mambo mengine, halafu mwishoni nitakuambia kilichotokea hapa leo wakati wewe haupo.

Unakumbuka lile gari lilivyofika kwetu mara ya kwanza. Pikapu imebeba nyumba mgongoni, na mlango wake, na dirisha lenye pazia, na ndani kitanda, kabati na jiko la gesi. Watoto wa Kiriba waliliita konokono. Tajiri alilinunua kwa mzungu mmoja aliyechoka nalo, akawa analikodisha kwa wageni wanaotaka kuvua sangara kwa fimbo, leo wanalala ufuko huu, kesho ule. Baba yako akawa dereva, mimi mpishi. Wewe tulikuacha kwa bibi yako. Kila tuliporudi ulikuwa unakimbilia konokono kwanza, sisi baadaye.

Tajiri alikuwa ametengeneza mahali pa kuweka fimbo ndani, juu ya kitanda. Baba yako alipang'oa siku ya kwanza. Kwao fimbo ya kuvulia hailali ndani ya nyumba wanamolala watu. Inakaa nje chini ya upenu, na aliyeifunga pale ndiye atakayeifungua. Mke haigusi. Nilimuuliza sababu, akasema, "Kwetu tulikuwaga tunafanya hivyo." Nikamuuliza na huko kwao walikuwa wanafanya hivyo kwa nini. Akasema, "Mama Nyangeta, pika."

Akaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Musoma, akawekewa vyuma vya kushikilia fimbo ubavuni mwa ile nyumba, upande wa dereva, na yeye mwenyewe akakata ndala za zamani akazigandisha kwenye vyuma ili fimbo zisichubuke. Mashina yanakaa mbele, ncha zinatazama nyuma, kwa sababu ncha ikitazama mbele tawi la kwanza tu linaivunja. Ndoano zinatolewa zote zinakaa kwenye kopo. Halafu anazifunga kwa mipira ya tyubu, mbele, katikati na nyuma. Hata mimi nilikubali kwamba ni kazi nzuri. Mle ndani nafasi ilikuwa ya kupumulia tu, na fimbo iliyotoka kuvua sangara inanuka hadi kwenye mkate.

Kasoro ilikuwa moja. Baba yako hajui kufunga.

Usicheke sana. Ni dereva mzuri, wewe mwenyewe amekufundisha, na ziwani anajua samaki yupo wapi kabla samaki mwenyewe hajajua. Lakini kufunga hakujui. Anazungusha mpira mara nyingi mno kama anafunga kidonda, halafu anaumalizia kwa fundo la kuombea heri. Mimi nimekua nafunga mizigo ya kuni na magunia ya dagaa tangu nikiwa mdogo, na mzigo wa kuni ukikumwagikia njiani mara moja unajifunza. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nasimama na sufuria yangu namtazama mtu anayefunga vibaya kitu ambacho siruhusiwi kukigusa.

Siku moja tulikuwa Butiama. Wageni wanakunywa chai nje, asubuhi nzuri ya baridi kidogo, baba yako anafunga. Nikaona mpira wa katikati umepita chini ya fimbo moja badala ya juu yake. Ningeweza kumsogelea nikamnong'oneza. Lakini nilikuwa nimelala vibaya, na usiku uliopita alikuwa amesema supu yangu ina chumvi, mbele ya wageni hao hao. Nikasema kwa sauti, "Baba Nyangeta, hizo zitaanguka kabla hatujafika barabarani. Lete nifunge mimi." Sikungoja jibu. Nilifungua mipira yote nikaifunga upya, haraka haraka, na kwa kweli nilifunga vizuri sana. Mgeni mmoja akapiga makofi. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mama ndiye bosi." Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao.

Baba yako alikuwa amesimama tu, mikono inaning'inia. Aliingia kwenye gari akawasha, akaendesha hadi Bunda. Nilikuwa nangoja anifokee. Mtu akikufokea unafoka nawe mnamaliza. Pale Bunda alisimama kununua maji, akaniletea na mimi chupa, akasema kwa upole, "Fimbo usiguse tena." Ule upole ndio uliniumiza. Niliona nimemvua nguo barabarani, halafu yeye akanipa shuka nijifunike mimi.

Ungedhani nilijirekebisha. Wapi. Nilijirekebisha upande mmoja nikaharibu mwingine. Nikasema moyoni, sawa, si ameniambia nisiguse, basi na mdomo wangu hautagusa. Nikawa naitazama mipira na mafundo yake kila asubuhi kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani akila mahindi ya jirani. Tukawa tunaelewana vizuri sana mbele za watu. Mama yako anapika, baba yako anaendesha, wageni wanasema mna ndoa nzuri.

Asubuhi ile ya Guta unaijua mwisho wake, mwanzo wake huujui. Jua lilikuwa limekausha ule mpira wa nyuma hadi ukapasuka kidogo pembeni. Niliuona wakati naingiza sufuria. Ufa mdogo tu, kama mdomo wa mtoto. Nikausimamia, nikautazama vizuri, halafu nikapanda gari nikafunga mlango. Mle safarini alikuwamo mgeni mzee aliyekuja na fimbo ya marehemu baba yake, ya mbao, anaifuta kila jioni kwa kitambaa kama mtu anayemuogesha mtoto. Nayo ilikuwa nje pamoja na nyingine, kwa sababu ya sheria ya kwao baba yako.

Tulipoanza kupanda kuelekea Butiama mpira ukakatika. Fimbo zikachomoka nyuma, na lori lililokuwa linatufuata likapita juu yake. Yule mzee alishuka akaokota vipande barabarani, kimoja kimoja, akawa anajaribu kuvilinganisha. Hakumlaumu mtu. Baba yako alimfuata akasema ni kosa lake yeye dereva, yeye ndiye aliyefunga. Tajiri alipopata habari akamwondoa kwenye gari msimu mzima.

Wewe ulikuwa darasa la tatu, ulifurahi sana baba kuwa nyumbani. Alikuwa anakupeleka shule kwa baiskeli. Alirudia kuvua usiku na mitumbwi ya watu, na kifua kile alichonacho mpaka leo alikipatia huko kwenye baridi. Watu walisema konokono lilimponza.

Jioni ile ile ya Guta nilimwambia. Sikuweza kukila kile chakula. Nikamwambia, "Ule mpira niliuona umepasuka. Nikanyamaza." Nilifikiri sasa ndiyo nitapigwa au nitafukuzwa. Alikuwa amekaa amenipa mgongo. Akasema, "Nilijua. Nilikuona kwenye kioo unauangalia. Nikasema, akisema kitu nitashuka."

Nyangeta, tulikaa pale hadi chakula kikapoa. Yeye alikuwa ameniona naona. Alijua kuna kitu, akawasha gari akaondoka hivyo hivyo, ananingoja mimi niseme, na mimi namngoja yeye aulize. Watu wazima wawili wenye mtoto. Fimbo ya marehemu wa watu ikavunjika katikati yetu. Nimepata matusi maishani mwangu, nimefiwa, nimelala njaa, lakini aibu iliyonikalia muda mrefu kuliko yote ni hiyo.

Msimu ulipokwisha tajiri akamrudisha, maana madereva wengine waligombana na wageni. Tukatafuta namna. Fimbo zikabaki nje, yeye akabaki mfungaji, mimi sikugusa. Ila nikiona fundo halijakaa, nilikuwa nasema, "Baba Nyangeta, hebu tusimame kidogo hapo mbele, nina haja." Anasimama. Mimi naingia kichakani nasimama tu huko nahesabu ndege, yeye anazunguka gari anakaza mipira kwa starehe zake, hakuna anayemtazama. Wageni wote wa miaka ile walirudi kwao wakijua mama mpishi ana kibofu kibovu. Mmoja aliniletea dawa. Nilizipokea nikashukuru.

Sikwambii hivyo ndivyo watu wanavyotakiwa kuishi. Labda wapo wanaoambiana mambo waziwazi wakiwa mezani na hakuna anayeumia. Sisi hatukuweza, tukafanya tulichoweza, na ilitufaa. Nilichochelewa kukijua ni kwamba mtu unaweza kuwa na haki kabisa kuhusu fundo na bado ukakosea sana. Ningekuwa nimelijua hilo Butiama, nisingehitaji kulijua Guta. Utakutana na watu huko Mwanza watakaofunga mambo yao vibaya mbele ya macho yako, tajiri mwenyewe akiwamo. Sijui utafanyaje. Utakosea kwa namna yako.

Sasa habari za baba yako na wewe. Siku ile tajiri alipopiga simu akasema anahamishia kazi Mwanza na anataka wewe uendeshe konokono, baba yako alikuuliza swali moja tu: "Fimbo atafunga nani?" Ukasema, "Mimi." Akageukia ukutani, na tangu siku hiyo anaongelea mvua, anaongelea mihogo, safari yako haiongelei. Umeumia, naona. Umefikiri anakukataza kwa ile sheria ya kwao ya wanawake na fimbo. Nami nilifikiri hivyo mwanzoni, na kwa uchovu wangu sikutaka kufikiri zaidi. Ilinifaa iwe hivyo, maana ungebaki.

Leo ulipotoka tu aliniita. Akasema nimpe ile fimbo yake ya kutembelea na nimtoe nje. Nikamtoa. Nilidhani anataka jua. Akaniambia, "Benchi peleka pale kwenye gari. Halafu nenda jikoni." Akasema tena, "Nenda jikoni, mama Nyangeta."

Nilikwenda jikoni, lakini unanijua, nilisimama mlangoni nyuma ya kanga niliyoianika. Fimbo za tajiri zilikuwa pale chini ya upenu wetu zinapokaaga siku zote. Alizitoa moja moja kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hajawahi kuutumia kwa kazi. Ya kwanza ilimwangukia mara nyingi hata nikaacha kutazama. Alitoa ndoano akazitia kwenye kopo. Aliziweka kwenye vyuma, mashina mbele, ncha nyuma. Mkono wa kulia unaning'inia tu. Akaanza na mipira. Ya mbele na ya katikati aliizungusha kama kawaida yake, kidonda kile kile. Mpira wa nyuma ulimshinda. Kila akiuvuta unamponyoka. Mwisho aliukamata kwa meno. Akauvuta kwa meno, shingo imekakamaa, jasho linamtiririka, kivuli cha nyumba kikamfikia kikampita bado yuko pale. Nilijiziba mdomo kwa kanga. Nilitaka kutoka nikamsaidie, na nilikumbuka yale makofi ya Butiama, nikajishika kwenye mlango.

Alipomaliza akaita, "Mama Nyangeta, njoo uone." Nikatoka, nikajifanya nafuta mikono. Nikazitazama. Akaniuliza, "Zimekaa?"

Mwanangu, hazijakaa. Ule wa mbele unacheza, kidole kinapita. Wa katikati umepita chini ya fimbo moja, kama siku ile ile. Nikamwambia, "Zimekaa."

Akatingisha kichwa. Nilipokuwa namrudisha kitandani, amenilalia begani na uzito wake wote, akasema, "Mwambie barabara ya Suguti ina mashimo. Aende polepole." Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe." Akasema, "Si nimeshamwambia." Sasa amelala, anakoroma kama aliyelima shamba zima.

Ulitaka neno lake. Hilo ndilo neno lake, limefungwa ubavuni mwa gari, na kama unavyoona halijafungwa vizuri. Funguo za tajiri usirudishe. Mimi nitamgeuza, nitaomba mtoto wa jirani anisaidie, mgongo utauma, na nitakukumbuka kila siku hadi nichoke kukukumbuka, halafu nitaendelea. Usinitumie maneno ya kunionea huruma kwenye simu. Nitumie habari za samaki.

Kesho asubuhi atataka atolewe nje akuone unaondoka. Zunguka gari, uzitazame fimbo mbele yake. Usizishike. Mwambie, "Baba, asante," halafu panda. Atanyanyua ule mkono wa kushoto. Nenda polepole kama alivyosema, na usisimame popote hapa Kiriba, maana hakuna kitu kinachofanyika hapa kisimfikie. Ukishaipita Suguti, mahali pasipo na mtu anayetufahamu, weka gari pembeni. Nimekata mipira mipya kwenye tyubu ya baiskeli yake, nimeiweka chini ya kiti chako. Fungua wa mbele ufunge upya, fungua wa katikati ufunge upya, kwa namna niliyokufundisha kufunga kuni.

Ule wa nyuma, wenye alama za meno, usiufungue. Funga mwingine juu yake.

Mama yako